Thelathini na tatu nini?

Kidonge kimoja cha misoprostoli kina mikrogramu 200. Mama anayeanzishiwa uchungu hospitalini, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), anapaswa kunywa mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Katika wodi nyingi za wazazi kidonge cha 25 hakipo. Kilichopo ni hicho cha 200, na wembe.

Ukikikata vipande vinane, havilingani hata uwe na mkono mtulivu kiasi gani. Kimoja kinakuwa kinene, kingine chembe, na sehemu ya dawa inabaki unga mezani. Kipande kinene kinaweza kuleta uchungu mkali usiopumzika, mtoto akakosa hewa tumboni, hata kizazi kikapasuka. Ndiyo maana wakunga wazoefu hawakikati. Wanakitumbukiza kizima kwenye mililita 200 za maji safi, wanakoroga mpaka kiyeyuke, wanaandika saa kwenye chupa. Hapo kila mililita moja ina mikrogramu moja. Mama anapimiwa mililita 25, maji yanakorogwa tena kabla ya kila dozi, na yanayobaki baada ya saa 24 yanamwagwa.

Aliyechagua mililita 200, wala si 100 wala 500, alikuwa anamfikiria mkunga wa zamu ya usiku. Namba imepangwa ili mtu aliyechoka asikosee. Natamani hesabu zote za dawa wodini zingekuwa rahisi hivyo, lakini haziko hivyo, na wanaozibeba zaidi ni vijana wa vyuo vya uuguzi wanaoshika sindano kwa mara ya kwanza. Wengi wao waliingia chuoni wakiamini kwamba hisabati wameagana nayo kidato cha nne. Wanaikuta inawasubiri kwenye chumba cha dawa.

Kwa maandishi, somo lenyewe ni fupi. Gramu moja ni miligramu 1,000. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Lita moja ni mililita 1,000, kilo moja ni gramu 1,000. Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo unazidisha, ukipanda unagawanya. Mwanafunzi yeyote atakuimbia hayo. Tatizo linaanza pale digoksini, dawa ya moyo, inapoandikwa miligramu 0.25 kwenye faili, na boksi la famasi limeandikwa mikrogramu 250. Ni dawa ileile, kiasi kilekile. Lakini kijana anasogeza nukta hatua mbili badala ya tatu, anapata 25, anaanza kukata vidonge. Akiisogeza hatua nne anapata 2,500 na anahesabu vidonge kumi. Kosa la nukta halimpunji mgonjwa kidogo wala kumzidishia kidogo. Linaruka mara kumi kwa mpigo, na kwa dawa kama digoksini mara kumi inaua.

Basi kabla hata ya kuhesabu kuna namna ya kuandika. Nusu miligramu iandikwe 0.5, kamwe isiwe nukta tano iliyoachwa bila sifuri mbele, kwa sababu nukta hufifia kwenye karatasi ya nakala na inayobaki ni tano. Tano iandikwe 5, isiwe 5.0, maana nukta ikipotea inasomeka hamsini. Mikrogramu iandikwe neno zima: ile alama ya Kigiriki, ikiandikwa kwa haraka, inafanana na herufi m, na mikrogramu inageuka miligramu, mara elfu. Yuniti nazo ziandikwe kwa herufi zote, kwa kuwa U iliyokaa karibu na namba inageuka sifuri, na yuniti 10 za insulini zinasomeka 100. Marekani, Joint Commission, taasisi inayokagua ubora wa hospitali, iliweka vifupisho kadhaa vya namna hii kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku mwaka 2004. Huku kwetu bado nayaona mafaili yenye U iliyojikunja kando ya namba, na aliyeiandika si mwanafunzi. Ni daktari.

Twende wodi ya watoto. Mtoto ana malaria kali, amepimwa uzito, ana kilo 11. Dawa ni artesuneti ya sindano. Mwanafunzi amepiga hesabu kwenye daftari lake dogo na anamgeukia muuguzi wa zamu.

"Sista, nimepata thelathini na tatu."

"Thelathini na tatu nini, mwanangu?"

Mazungumzo kama haya husikika kila msimu wa mafunzo kwa vitendo, na swali la sista ndilo somo lote. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 33 ni sahihi, lakini ni miligramu. Bomba la sindano halina alama za miligramu. Lina alama za mililita. Katikati ya 33 na bomba kuna hatua moja, na hatua hiyo inategemea namna dawa ilivyochanganywa dakika mbili zilizopita.

Kichupa cha artesuneti kina unga wa miligramu 60. Kwanza unatiwa mililita 1 ya baikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka maji yawe maangavu. Kama unachoma kwenye mshipa, unaongeza mililita 5 za maji ya dripu, jumla zinakuwa 6, na kila mililita inabeba miligramu 10. Kama unachoma kwenye msuli wa paja, unaongeza mililita 2 tu, jumla 3, na kila mililita inabeba miligramu 20. Kichupa kimoja, nguvu mbili. Kwa mtoto wetu wa kilo 11, njia ya mshipa inatoa mililita 3.3, ambazo mwongozo unaruhusu zipandishwe hadi 4. Njia ya msuli inatoa 1.65, nazo zinapandishwa hadi 2.

Sasa tazama kosa linavyoingia. Kijana amechanganya kwa ajili ya mshipa, kisha anasoma safu ya msuli kwenye jedwali la ukutani na kuvuta mililita 2. Mtoto amepata miligramu 20 badala ya 33. Hakuna kelele, hakuna kifafa, hakuna anayeshtuka. Mtoto mwenye malaria kali amepewa asilimia 60 hivi tu ya anachostahili, na wadudu wanaendelea kuzaana. Makosa ya kuzidisha dozi tunayasikia redioni. Ya kupunguza hayasikiki, na ni makosa vilevile.

Na dawa hii inastahili kulindwa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Watoto waliopewa artesuneti walikufa wachache kuliko waliopewa kwinini, kwa pungufu ya asilimia 22.5. Faida hiyo ilipatikana kwa dozi iliyopimwa sawasawa.

Kuna jambo jingine kwenye artesuneti linalowasumbua wanafunzi makini kuliko wazembe. Mtoto wa kilo 19 anapata miligramu 57. Wa kilo 20, kwa kuwa amevuka mpaka na sasa anahesabiwa miligramu 2.4 kwa kilo, anapata 48. Mkubwa anapewa kidogo kuliko mdogo, na mwanafunzi anarudia hesabu mara tatu akidhani amekosea. Hajakosea. Miili ya watoto wadogo huitumia dawa hii kwa namna inayohitaji kiasi kikubwa zaidi kwa kila kilo ili ifike kiwango kilekile ndani ya damu. Nampenda mwanafunzi anayesita hapo. Kusita kwake kunaonyesha kwamba anaiangalia namba kama kitu kinachokwenda kuingia kwa mtu.

Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi, kwa sababu dozi zao zinaishi upande wa kushoto wa alama ya kwanza ya bomba. Mtoto amezaliwa na gramu 2,800. Mizani imesema gramu, dozi imeandikwa kwa kilo, kwa hiyo kwanza ni 2.8. Jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mtoto wa uzito huo, wiki ya kwanza, ni miligramu 5 kwa kilo, sawa na miligramu 14. Famasi ina ampulu za watu wazima, miligramu 80 katika mililita 2, yaani 40 kwa kila mililita: anahitaji mililita 0.35. Wiki iliyopita zilikuwepo ampulu za watoto, miligramu 20 katika mililita 2, na wiki iliyopita jibu lilikuwa mililita 1.4. Mwenye mazoea akivuta 1.4 kutoka kwenye ampulu ya leo, amempa mtoto miligramu 56, mara nne. Jentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio. Figo zinaweza kuonekana kwenye vipimo. Masikio, mama atayagundua baada ya miezi, anapomwita mtoto naye hageuki.

Vitamini K ni hivyohivyo: mtoto anahitaji miligramu 1, ampulu iliyopo mara nyingi ina miligramu 10 katika mililita 1, jibu ni mililita 0.1. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Lakini kwa bomba la mililita 5 hakuna binadamu anayeweza kupima 0.1. Lazima liwepo bomba la mililita 1 lenye alama ndogondogo. Kwa hiyo mkuu wa kituo anayesahau kuagiza mabomba hayo naye yumo ndani ya hesabu hii, hata kama hajashika kalamu.

Ugumu mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, uko kwenye asilimia. Salfeti ya magnesi, dawa ya kifafa cha mimba, inakuja kwa nguvu ya asilimia 50. Asilimia kwenye dawa ya maji maana yake ni gramu ndani ya mililita 100. Gramu 50 katika mililita 100 ni gramu nusu katika kila mililita. Dozi ya kwanza kwenye mshipa ni gramu 4, lakini kwa nguvu ya asilimia 20, ichomwe polepole. Kwa hiyo muuguzi anavuta mililita 8 za dawa, anaongeza mililita 12 za maji ya sindano, anapata 20. Kisha gramu 10 kwenye makalio, tano kila upande, hizi zikiwa za asilimia 50 bila kuongezwa maji: mililita 10 kila upande, pamoja na mililita 1 ya dawa ya ganzi.

Mama anatikisika kitandani, ndugu wanalia mlangoni, na mwanafunzi anaambiwa, "Lete magnesi, mililita ishirini." Akileta mililita 20 za dawa tupu, ameleta gramu 10 za kuingia kwenye mshipa badala ya 4. Magnesi ikizidi hulegeza misuli hadi kupumua kukasimama. Ndiyo sababu kabla ya kila dozi inayofuata goti linagongwa kuona kama mguu unaruka, pumzi zinahesabiwa zisipungue 16 kwa dakika, mkojo unapimwa usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kukabili magnesi iliyozidi, inakaa karibu. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002, uliowahusisha kina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya kuokoa. Kwa hiyo agizo litolewe kwa gramu na kwa asilimia, lisitolewe kwa mililita peke yake, na anayelipokea alirudie kwa sauti.

Adrenalini nayo ina mtego wake, maana nguvu yake imekuwa ikiandikwa kwa uwiano: moja kwa 1,000, moja kwa 10,000. Ya kwanza ni miligramu 1 katika mililita 1, ya pili ni sehemu ya kumi ya hiyo. Anayedhani namba kubwa ni dawa kali zaidi amegeuza mambo kichwa chini. Marekani iliondoa uandishi huo kwenye lebo zake mwaka 2016. Kwetu ampulu za uwiano bado zinapita mikononi mwa wanafunzi, na wanapaswa kufundishwa kuzisoma.

Matone ya dripu yanawatisha wengi bila sababu kubwa. Mililita 500 kwa saa nne, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita: zidisha 500 kwa 20, gawanya kwa dakika 240, ni matone kama 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kugawanya kwa saa 4 na kusahau dakika. Jingine ni kutotazama pakiti ya mpira, kwa sababu mipira midogo ya watoto hutoa matone 60 kwa mililita, na kwa hiyo matone kwa dakika yanakuwa sawa na mililita kwa saa, bila kuhesabu chochote. Mwalimu akiwaonyesha hilo mara moja, hawalisahau.

Namba nyingine za ajabu kwenye boksi za dawa ni urithi tu wa vipimo vya zamani: nani asiyejiuliza kwa nini aspirini ni miligramu 300 huku kwetu na 325 kwa Wamarekani? Wafamasia wa zamani walipima kwa kipimo cha Kiingereza kilichoitwa greni, chenye miligramu karibu 65. Aspirini ilikuwa greni tano. Wamarekani walipohamia vipimo vya metriki walibaki karibu na hesabu yenyewe, Waingereza wakaikata iwe namba nyepesi. Vidonge vya kwinini vya miligramu 300 na vya fenobabitoni vya 30 vina asili hiyohiyo. Vipimo vimebadilika zamani, namba zake tunazimeza hadi leo.

Tukirudi kwenye makosa ya dozi, ukanda wetu una watu waliolitafutia tatizo hilo dawa yake. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza mofini ya maji kwa wagonjwa wenye maumivu makali, wengi wao wakitunzwa nyumbani. Mofini hiyo hutiwa rangi: ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5, ya pinki 50, ya bluu 100. Ndugu asiyejua kusoma anajua chupa ya mgonjwa wake ni ipi, na rangi ikibadilika anauliza. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Nchini Kenya, Wizara ya Afya imekuwa ikitoa kijitabu cha mfukoni cha matibabu ya watoto, chenye majedwali ambayo dozi zimeshahesabiwa kwa kila uzito, kwa miligramu na kwa mililita. Muuguzi anapima mtoto, anashuka na kidole kwenye safu, anasoma. Wapo walimu wanaosema majedwali yanawafanya wanafunzi wavivu. Sikubaliani nao. Saa tisa usiku, na watoto watatu wanaopumua kwa shida, jedwali ni rehema. Mwanafunzi ajue kuhesabu ili agundue jedwali likiwa na kosa, au dawa ikija kwa nguvu nyingine. Kazi ya kila siku ifanywe na jedwali.

Ninachokililia ni namna tunavyopima uwezo wa wanafunzi. Somo la kuhesabu dozi mara nyingi linafanyiwa mtihani kwa karatasi, pamoja na mengine, na anayepata nusu ya maswali anahesabiwa amefaulu. Nusu ni nini hapa? Ni mgonjwa mmoja kati ya wawili kupewa dozi isiyo yake. Baadhi ya vyuo vya Marekani hudai asilimia 90 au zaidi kwenye mtihani wa dozi kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kugusa dawa, na anayeshindwa anarudia. Sioni kwa nini sisi tudai pungufu. Na mtihani ufanyikie mezani, kwa vichupa halisi vilivyokwisha muda, mabomba halisi, mizani halisi. Mpe kijana ampulu mbili za jentamaisini zenye nguvu tofauti, usimwambie kitu, utazame kama atasoma lebo. Muulize jibu lake linahitaji ampulu ngapi. Akisema saba, na asishtuke kwamba hakuna mgonjwa wa kawaida anayevunjiwa ampulu saba kwa mpigo, mrudishe akakae.

Simu yenye kikokotoo kila mmoja anayo mfukoni, na aitumie. Ila kikokotoo hakijui miligramu wala mililita. Kinajua namba tupu. Kwa hiyo kipimo kiandikwe kando ya kila namba, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na muuguzi wa pili apige hesabu yake mwenyewe bila kuona ya mwenzake. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja, piga simu kituo cha afya. Hakuna aibu ndani yake.

Na wewe mzazi unayesoma hapa, hesabu hii haiishii mlango wa hospitali. Dawa ya maji ya parasetamoli kwa watoto mara nyingi ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini ipo ya matone kwa ajili ya wachanga yenye miligramu 100 katika mililita 1 tu. Kijiko kimoja cha hiyo ya pili ni dozi ya mtu mzima. Vijiko vya jikoni navyo havilingani. Usikubali kuondoka dirishani na jibu la "kijiko kimoja mara tatu." Beba kadi ya kliniki yenye uzito wa mtoto, uliza ni mililita ngapi, baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi, kisha omba bomba la sindano lisilo na sindano, na mwambie muuguzi akuwekee alama ya kalamu pale dawa inapotakiwa kufika.